Nyama Iliyoonwa Nyumba ya Magogo

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita tulimwacha Verediana kwenye baraza ya nyumba ya magogo, kule juu ya mashamba ya kahawa ya Oldeani, msitu unapoanza. Alikuwa ametoka Karatu kununua vitu vya mgeni, na ufunguo alikuwa nao mkononi, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mtu mwingine. Ndani kulikuwa na moshi, na kitu kizito kilikuwa kikidondosha matone sakafuni. Wasomaji wengi wametuandikia kubashiri ni nini. Bwana mmoja wa Mto wa Mbu amesema ni chui, na mama mmoja wa Mbulu anashikilia kwamba ni mzimu wa Mjerumani.

Alikuwa ng'ombe.

Hakuwa amesimama. Nusu yake ilining'inia kwenye boriti ya sebule, karibu na mapazia mapya, na nusu nyingine ilikuwa imelazwa juu ya majani mabichi kwenye sakafu ambayo Verediana aliipiga nta kwa mikono yake mwenyewe. Kuzunguka majani hayo walikaa vijana wa Kimasai, morani, kila mmoja na sime yake. Walikuwa wakila kwa utulivu wa watu waliofika nyumbani.

Kwa anayeanza kusoma leo, Verediana ni fundi cherehani kutoka Kibosho. Ameshona Karatu miaka mingi kwenye vibaraza vya maduka ya watu, akihamishwa kila mwenye duka alipopata mzigo mpya. Mwaka huu wa tisini na nane aliuza vyerehani vyake, akapanga nyumba hii iliyojengwa na Mjerumani kabla ya vita vya Hitler, kisha ikakaliwa na mabwana misitu, kisha na popo. Alitaka kulaza watalii. Zaidi ya hapo alitaka mlango wake mwenyewe, ambao hakuna mtu angemwambia asogee mbele yake.

Mwenye kauli juu ya mlango huo ni Bwana Clemensi, meneja wa shamba la kahawa. Alimpa Verediana nyumba kwa majaribio, na leo ndiyo siku aliyosema atapanda na mgeni wa kwanza, aikague, halafu ampe mkataba wa kudumu au ampe Obed, dereva wa watalii anayeitamani kwa ajili ya kambi yake. Masharti yalikuwa matatu. Hakuna mifugo, hakuna kuchinja, hakuna kuingiza wapangaji wengine. Mpaka hapo Verediana alikuwa ameshayavunja yote, na hakuwa hata ameweka kikapu chini.

Kijana mmoja alirusha ngozi juu ya nyama. Alichelewa.

Mkubwa wao, mrefu, aliyeitwa Senteu, alisimama kwa heshima.

"Mama, umeiona?"

"Nimeona nini?"

"Nyama."

"Baba, imening'inia sebuleni kwangu. Ningeipita vipi?"

Senteu aligeuka akawaambia wenzake maneno machache ya Kimasai. Wote wakaweka visu chini. Aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna, akatoka nje, akatema, akarudi akakaa.

Ndipo Senteu akamweleza Verediana, pole pole, kama anavyoelezwa mtu aliyevunja chombo bila kujua. Morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke mtu mzima. Hata iwe ya ng'ombe wa baba yake, hata mwanamke mwenyewe awe mama aliyemzaa, ikishaonwa basi kwake si chakula tena. Ndiyo sababu huja kula porini, mahali panapoitwa orpul, mbali na maboma. Orpul yao ilikuwa pango la huko juu, lakini mvua hizi za El Niño zilikuwa zimelijaza maji. Wakakumbuka kwamba babu zao walikula nyama hapa kwenye chemchemi kabla Mjerumani hajaleta misumari. Mlango ulikuwa na kufuli, lakini dirisha halikuwa na kitu; mmoja aliingia hapo, akawafungulia wenzake mlango kutoka ndani.

Verediana alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke mwenye adabu. Kisha akamwambia kwamba anawapa pole ya mvua, na kwamba kabla ya mchana wawe wametoka, maana kuna mgeni anakuja.

Senteu alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema hilo ni gumu, kwa sababu hii ya sebuleni imeshaharibika, lakini iko nyingine vyumbani ambayo haijaonwa. Wataimaliza hiyo kwanza. Ni siku chache tu.

Hapo ndipo Verediana alipoelewa kwamba ameshika silaha. Hakuwa amewahi kuwa nayo maishani, na haikuhitaji hata kuinua mkono.

Alivua viatu, maana sakafu ilikuwa na nta, akaingia chumba cha kwanza. Paja lilikuwa juu ya meza ya kuvalia. Aliliangalia. Akaenda cha pili, ambako mbavu zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya kitanda cha mgeni, na vijana wawili waliosimama mbele yake wamekunjua shuka zao kuzikinga. Verediana alichungulia juu ya bega la kushoto, akaziangalia. Akainua ngozi iliyokuwa kwenye beseni la kunawia, akaangalia figo, maini na kidari. Hakugusa kitu. Nyuma yake morani walikuwa wakihesabu hasara kwa macho, na hakuna hata mmoja aliyemzuia, kwa sababu mwanamke wa umri wa mama hashikwi mkono.

Kilibaki chumba kimoja, jiko. Senteu alimtangulia mlangoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilibadilika.

"Mama, hapa naomba usiingie."

Verediana alidhani amebakiza kidogo tu ashinde. Alipita chini ya mkono wake, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa iliyokuwa mekoni, akafunua. Ilikuwa supu nyeusi yenye magome ya miti ndani yake. Aliiangalia vizuri, kusudi pasiwe na ubishi.

Alipofunika ndipo akaona kwamba jikoni kuna mtu mwingine.

Kijana alikuwa amelala sakafuni kando ya moto, kifua wazi, na ubavuni ana kovu bichi lenye nyuzi za hospitali. Alikuwa amekonda mpaka mbavu zake zinahesabika. Mikononi alishika bakuli lililojaa, ndiyo kwanza amelifikisha mdomoni. Alimtazama Verediana, akatazama sufuria, akaliweka bakuli chini bila kuonja, akageukia ukutani.

"Huyo ni Lekoko," Senteu alisema. "Ng'ombe alichinjwa kwa ajili yake."

Mbogo alikuwa amempiga Lekoko pembe karibu na Kreta. Daktari alimshona, akamruhusu, akamwagiza ale nyama na supu nyingi mpaka damu irudi. Kwa siku nyingi hakuweza kumeza kitu. Asubuhi hii ndipo aliposema ana njaa.

Ndugu msomaji, Verediana si mtu wa kulia hovyo. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifunika uso na ncha ya kanga. Aibu ilimshika kweli kweli. Alikuwa amemnyang'anya mgonjwa chakula mdomoni, na alikuwa amelifanya hilo kwa ustadi.

Alimsihi Lekoko anywe. Alimwambia hajaona vizuri, moshi ulikuwa mwingi. Alimwambia pia kwamba yeye ni Mkibosho, labda macho ya Wachaga hayahesabiki. Senteu alitafsiri yote hayo kwa uaminifu. Lekoko alijibu neno moja, na Senteu hakulitafsiri.

Verediana akafuta uso. Nje, kwenye mti wa mbele, alikuwa amefunga beberu mnono aliyepanda naye kwa kamba tangu alfajiri. Ndiye angekuwa ndafu wa kumpokea mgeni, abanikwe mzima, avalishwe majani shingoni, kama wanavyofanya kwao kwa watu wa maana. Hakuwa na mwingine. Akasema wamchukue.

"Huyo mbuzi umemwona," Senteu alisema.

"Nimemwona yu hai."

Hilo lilihitaji kikao. Morani walitoka nyuma ya nyumba wakajadiliana. Mmoja alikuwa mkali sana upande wa kukataa, lakini mwingine aliuliza kama ng'ombe wote wa bomani hawaonwi na mama zao kila siku wakiwakamua. Ikapitishwa kwamba mnyama akiwa hai hana neno, ila akishaanguka Verediana asimtazame, wala mwanamke mwingine yeyote.

Basi mbuzi akapelekwa uani, mlango wa jiko unaotokea barazani ukafungwa kwa komeo la nje, na Verediana akasimama kuulinda, mgongo kwake na uso barabarani.

Ilibaki nyama iliyoonwa. Morani hawakutaka hata kukaa nayo chumba kimoja, na yeye alikuwa na mgeni njiani. Kwa bahati chini ya msitu kuna kambi ya vibarua wa kahawa, watu ambao nyama yao ikionwa na wanawake huongezewa nyanya. Vijana wawili waliteremka kuwaita. Vibarua walipanda mbio, wakaondoa ng'ombe mzima wakishukuru, wakamwachia Verediana sebule yenye harufu tu. Alipiga deki, akaugeuza mkeka upande safi. Alianza kuamini kwamba siku itapona.

Kosa lake ni kwamba njia ya kwenda kambini ni moja. Bwana Clemensi, akiwa ameacha Landrova mtoni kwa sababu ya matope na anapanda kwa miguu na mgeni wake, alikutana na vibarua wake saa za kuchuma kahawa wakiteremka na mapaja ya ng'ombe mabegani. Wakamsalimu vizuri. Alipowauliza nyama inatoka wapi, wakamwambia kwa Mama Verediana.

Alifika barazani akiwa hana haraka. Bwana Clemensi ni mtu wa Rombo mwenye masharubu aliyoyapunguza kwa uangalifu, na akikasirika huzidi kuwa mpole. Alimsalimu Verediana, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza habari za mvua.

Mgeni alikuwa nyuma yake, bibi wa Kizungu mwenye fimbo, mvi tupu. Aliitwa Hilda. Hakuwa mtalii hasa. Alizaliwa ndani ya nyumba hii, kwa maana baba yake ndiye aliyepigilia magogo hayo, na aliondolewa humo akiwa mtoto Waingereza walipowakusanya Wajerumani wakati wa vita. Amepanga wiki nzima. Alisema kwa Kiswahili cha zamani kwamba vyumba vingine si kitu, yeye anataka kuona jiko tu, maana jikoni ndiko yaya wake alikokuwa akimweka chini karibu na moto na kumwimbia.

Verediana aliubana mgongo mlangoni. Kati ya vyumba vyote.

Alimtazama bibi yule na kuona wazi kwamba ni mwanamke mtu mzima, tena sana.

"Fungua jiko mgeni aone," Bwana Clemensi alisema.

"Siwezi kufungua sasa hivi."

"Kuna nini?"

Verediana alifikiria uongo wa aina mbili tatu, na wote ulikuwa mzuri. Lakini alikuwa amechoka. Alisema jikoni kuna mgonjwa na chakula chake, na chakula hicho kikionwa na mwanamke mgonjwa hatakula tena. Alishakiharibu mara moja leo, na hakuna mnyama mwingine wa kuchinja.

Bwana Clemensi alirudia kwa upole neno kuchinja.

Hilda alikuwa amesikia. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaweka fimbo magotini. "Mimi nimengoja tangu vita," alisema. "Supu ya mgonjwa naweza kungojea pia."

Kwa mgeni, basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa meneja ndiyo yalikuwa yanaanza. Alimkumbusha Verediana yale masharti, moja moja, bila kupandisha sauti. Alisema Obed yuko Karatu anasubiri jibu, na Obed hana wagonjwa. Akasema hataki kujua zaidi. Mlango ufunguliwe, watu wote waone kilichomo, mkataba utiwe saini. La sivyo, nyumba ni ya Obed kuanzia leo.

"Dada Verediana, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Unafungua?"

Verediana aliwaza vyerehani vyake, ambavyo sasa mtu mwingine anavishonea sare za shule. Aliwaza vibaraza vyote alivyohamishwa. Akayaona mapazia aliyoyakata mwenyewe na kuyapindia kwa mkono, kwa sababu cherehani hakuwa nacho tena. Aliipenda nyumba hii. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini jioni akiwa peke yake alikuwa anaufunga mlango na kuufungua tena bila sababu. Moyo ulimuuma hasa.

"Sifungui," alisema.

Bwana Clemensi aliitikia kwa kichwa. Alishuka ngazi moja, kama mtu anayeondoka. Kisha akasimama.

"Lakini mimi si mwanamke," alisema.

Hilo Verediana hakuwa amelifikiria. Sheria ilikuwa wazi, na upande huu ilikuwa ya meneja. Alifumba macho, akapapasa komeo nyuma yake, akalivuta, akajisogeza pembeni huku ameinamia ukuta. Bwana Clemensi akaingia, mlango ukafungwa, na Verediana akarudisha komeo mahali pake.

Walikaa nje wanawake wawili. Ndani kulisikika Bwana Clemensi akiongea kwa ukali, na sauti ya Senteu ikimkaribisha akae. Ukali ukapungua. Likasikika bakuli likiwekwa. Hilda alisema kwamba harufu ni ile ile ya zamani, nadhani alikuwa anajisemea. Muda ulipita mrefu, jua likavuka paa, na kila Verediana alipotega sikio alisikia mtu akivuta supu.

Hatimaye ukagongwa mlango kutoka ndani. Verediana akafumba macho tena, akavuta komeo, akasubiri mpaka mlango urudishiwe ndipo akayafumbua.

Bwana Clemensi alikuwa na mafuta kwenye masharubu. Upole wake ulikuwa umebadilika, sasa ulikuwa wa kweli. Alisema mgonjwa yuko salama. Amekula nyama ya mguu mzima na anaendelea na supu. Alisema vijana hawa wana adabu kuliko alivyodhani, na kwamba Verediana asihangaike tena na habari ya Obed. Obed hapati nyumba.

Verediana alishindwa kujizuia, akamshika meneja mkono kwa mikono miwili. Akamshukuru. Alimwambia Mungu atamlipa.

"Usinishukuru mimi," Bwana Clemensi alisema, akiutoa mkono wake taratibu. "Mshukuru Senteu. Yeye ndiye aliyepanga."

"Aliyepanga nini?"

"Nyumba."

Senteu alikuwa ametoka nyuma ya meneja, anafuta sime kwa majani, na uso wake umejaa wema. Alimweleza Verediana jinsi ilivyokuwa. Kuta ni za magogo, wao ndani wamesikia yote. Wamesikia huyu mzee akimtisha mama kwamba nyumba atapewa mtu anayeitwa Obed, na mama akakataa kufungua, akasimama mlangoni kwa ajili ya Lekoko. Jambo hilo limewagusa sana. Hawakuweza kukaa kimya. Kwa hiyo wamemwambia mzee ampige Obed teke, wao wataichukua, na watalipa kwa madume kutoka boma la baba yake, na kila mwaka wataongeza. Mzee amekubali. Wameshikana mikono juu ya ngozi.

"Sasa hakuna mtu wa kukusumbua tena," alisema.

Verediana aliuliza kama mkataba una jina la nani.

Bwana Clemensi alisafisha koo. Alisema biashara ni biashara, watalii wanaweza kuja au wasije, na trekta la shamba limekufa, madume ni kitu anachoweza kukipeleka mnadani kesho. Mkataba utakuwa wa Senteu. Hilda atamaliza wiki yake, wameshakubaliana, ila jiko ataliona nyama ikiisha. Na Verediana aondoe vitu vyake kabla ya Jumapili, kwa sababu sharti la wapangaji wa pembeni linabaki pale pale.

Senteu hakuelewa sehemu hiyo ya mwisho, au alidhani ni maneno ya wakubwa tu. Alikuwa bado anatabasamu. Alimwambia mama kwamba mapazia yake ni mazuri, yanakinga vizuri.

Bwana Clemensi akawa anatafuta kitambaa mfukoni. Verediana alimtazama meneja, akamtazama Senteu, kisha akageuka polepole kuelekea mlango wa jiko. Safari hii hakufumba macho.

Senteu akaacha kutabasamu.

Verediana aliweka mkono juu ya komeo. Ndani, Lekoko, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesikika akiomba kitu chochote, aliomba aongezewe supu.